Daftari la biashara lisilale dukani

Maswali ya wasomaji kuhusu hesabu na biashara. Anajibu mhasibu wetu wa Dodoma.

Swali: Mbukwenyi, Mama Mhasibu, na shikamoo. Nina duka la pembejeo Kibaigwa, na msimu wa mavuno nanunua mahindi na alizeti. Hesabu zangu zote ziko kwenye laptopu moja, katika programu niliyowekewa na fundi kwa malipo ya mara moja. Mwezi uliopita laptopu iligoma kuwaka siku tatu. Fundi wa mjini aliifufua, lakini siku zile tatu sikujua namdai nani wala nadaiwa na nani. Mpwa wangu ananisihi nihamie programu ya mtandaoni ya kulipia kila mwezi. Fundi wangu anasema nikifanya hivyo nawakabidhi wageni siri za biashara, na siku nikikosa hela ya ada wananifungia. Nimsikilize nani?
*Msomaji, Kibaigwa*

Jibu: Mbukwenyi, na marahaba mwanangu. Pole sana kwa siku hizo tatu. Nimewafungia hesabu wenye maduka wa Dodoma tangu wakati wa leja za jalada gumu, na nimewaona watu wanavyokosa usingizi kwa jambo hilohilo.

Mfuate mpwa wako. Fundi naye usimpuuze, maana katika aliyokuambia mna jambo moja la kweli, na nitalifikia.

Tuanze na kilicho hatarini. Mwenye duka ukimuuliza hatari ya biashara yake atakutajia bidhaa: wizi, moto, panya, bei kushuka. Kibaigwa naijua. Mvua zikishika Desemba, mkulima wa Pandambili au Mlali anakuja kuchukua mbegu na mbolea, anatanguliza kidogo, inayobaki anaahidi baada ya mavuno. Mpaka Juni sehemu kubwa ya mtaji wako haiko dukani, iko mashambani kwa watu. Kinachokuunganisha nao ni mistari michache ndani ya hiyo laptopu: jina, kijiji, mifuko mingapi, alilipa ngapi, tarehe gani. Mbolea ikiibiwa utakopa ununue nyingine. Mistari hiyo ikipotea utamwendea mzee wa watu umwambie nini? Wengi ni waungwana, watalipa wanachokumbuka. Lakini baada ya miezi sita, mmoja anakumbuka mifuko miwili na mwingine mitatu, na nimeona ndugu wa damu wakikosana kwa mfuko huo mmoja.

Mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, haitakuokoa hapo. Inapeleka taarifa za mauzo Mamlaka ya Mapato (TRA), haikutunzii orodha ya wadaiwa wako wa vijijini. Tena Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inakutaka utunze kumbukumbu za biashara kwa miaka mitano. Ofisa akija akaambiwa laptopu ilikufa, bado atazitaka.

Sasa tazama laptopu yako inavyoishi. Iko juu ya kaunta, pembeni kuna vumbi la mbolea, juu kuna bati, umeme unakatika na kurudi. Flashi yenye nakala, kama ipo, nina hakika iko kwenye droo ya kaunta hiyohiyo. Kama inatumia Windows 10, Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tangu 14 Oktoba 2025. Kama programu yenyewe imechakachuliwa, na hizi za malipo ya mara moja mara nyingi ndivyo zilivyo, hakuna anayewajibika kwako zaidi ya fundi. Na fundi ni mtu mmoja mwenye simu moja. Anaugua, anahama, anapata kazi Mwanza.

Wengi wetu kanda hii tunafungasha mzigo Kariakoo, kwa hiyo mnakumbuka usiku wa 10 Julai 2021, Soko Kuu lilipoungua. Bidhaa zilikwenda, na kila daftari lililolala mle lilikwenda na bidhaa zake. Mtu aliyekuwa na bima anaulizwa: ulikuwa na mzigo wa thamani gani siku ile? Karatasi ya kujibu swali hilo nayo ilikuwa ndani. Ndiyo maana kila mwenye duka ninayemfungia hesabu namwambia neno moja: moto mmoja usichukue mali na ushahidi wa mali. Kumbukumbu za biashara zisilale chini ya paa moja na biashara.

Hilo ndilo kubwa unalonunua kwenye programu ya mtandaoni. Unapoandika mauzo, yanakwenda kwenye seva, yaani kompyuta kubwa za kampuni, mbali na Kibaigwa, nao wanatunza nakala. Laptopu ikifa Jumatatu asubuhi, unachukua simu yako, unaingia, unaendelea kuuza. Marekebisho ya usalama wanafanya wao, wewe hulipi fundi kuja kuyaweka.

Kuna faida ya pili ambayo wauzaji wa programu hizi hawaitaji sana, na mimi naiweka karibu na ya kwanza. Kila mfanyakazi anaingia kwa jina lake na nenosiri lake, na programu inaandika nani amefanya nini, saa ngapi. Nilikaa na mama mmoja mwenye duka la vitenge pale Majengo, stoki yake ilikuwa inapungua na hela haionekani. Alikuwa tayari kumfukuza binti wa kaunta, msichana wa Kondoa, kwa sababu ndiye mgeni. Programu ya zamani wote waliingia kwa nenosiri moja, kwa hiyo hakukuwa na wa kuulizwa. Alipohamia mtandaoni tukaja kufungua orodha ya mauzo yaliyofutwa. Yalifutwa usiku, saa mbili na dakika chache, duka likiwa limefungwa, na jina lililofuta halikuwa la binti yule. Alikuwa mtu wa nyumbani kabisa, sitasema zaidi. Binti yupo kazini mpaka leo. Tunapozungumza hatari za biashara tumkumbuke na huyo anayeweza kuitwa mwizi kwa sababu tu hakuna kumbukumbu.

Nimeahidi kurudi kwa fundi. Kuhusu siri, yeye mwenyewe amezisoma hesabu zako zote akiwa amekaa kwenye stuli yako, bila mkataba. Kampuni yenye mkataba ina cha kupoteza. Lakini kuhusu kufungiwa, ana haki. Ada usipolipa, akaunti husimamishwa. Na programu nyingi za nje hutozwa kwa dola: shilingi ikishuka, ada yako inapanda bila wao kugusa bei. Kwa hiyo kabla hujalipa hata mwezi mmoja, waulize kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu unaoutunza: nikiacha kulipa, mtanipa siku ngapi za kuchukua data zangu? Naweza kuzitoa zote mwenyewe kwenye Excel, wakati wowote, bila kuomba ruhusa? Zote nikimaanisha wateja, madeni, stoki na mauzo ya nyuma, maana wengine wanakuruhusu kutoa ripoti ya mwezi tu. Bei ni ya shilingi au ya dola? Anayesitasita kwenye swali la kutoa data, mwache. Kuingia kokote ni rahisi, na wewe unatafuta mahali unapoweza kutoka.

Wala usiamini kwamba huko mtandaoni hakuungui. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha OVHcloud, kampuni kubwa ya Ufaransa, kiliteketea mjini Strasbourg. Wapo wateja waliopoteza data zao kabisa, na miongoni mwao walikuwemo waliokuwa na nakala za akiba, ila zilikuwa eneo lilelile. Ni Kariakoo ileile, tofauti ni kwamba walikuwa wanalipia. Kwa hiyo kila Jumamosi ukifunga duka, toa orodha ya wadaiwa na stoki kwenye Excel, weka kwenye flashi, na flashi iende nyumbani. Nimesema nyumbani.

---

Swali: Shikamoo Mama. Mimi na mume wangu tuna nyumba ya wageni Nzuguni. Kijana aliyekuwa mapokezi ndiye aliyetufungulia programu ya mtandaoni ya kupangisha vyumba. Ameacha kazi kwa hasira, na akaunti iko kwa barua pepe yake na namba yake ya simu. Anasema hatoi nenosiri mpaka alipwe. Tunafanyaje?
*Mama wa nyumba ya wageni*

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Tenganisha mambo mawili yaliyofungwa pamoja. Kama mshahara wake mnadaiwa, mlipeni, kwa maandishi, leo. Ni haki yake hata kama amewaudhi, na mkishamlipa hana tena hoja ya kushikilia kitu chenu. Kuzuia data za biashara ya mtu mwingine kunaweza kumfikisha kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na mwambieni hivyo kwa upole mbele ya mzazi wake au mtu anayemheshimu, kabla ya kufikiria polisi. Vijana wengi hapo hulegea.

Wakati huohuo iandikieni kampuni ya programu. Ambatanisheni leseni ya biashara, namba ya mlipakodi (TIN), na ushahidi kwamba ada ililipwa kutoka kwenye simu yenu au benki yenu. Kama ada nayo ilipitia simu ya kijana, kazi itakuwa ngumu zaidi, lakini wageni waliowahi kulala kwenu wana risiti zenye jina la nyumba, nazo ni ushahidi.

Mkishaipata akaunti, isimame kwenye barua pepe ya biashara, si ya mtu, na kwenye laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako au cha mume wako. Wekeni wasimamizi wawili, wewe na yeye, ili mmoja akisafiri au akiugua mwingine afungue. Mfanyakazi apewe nafasi yake yenye mipaka: kuandikisha mgeni sawa, kufuta malipo hapana. Washeni uthibitisho wa hatua mbili, yaani nenosiri pamoja na namba inayotumwa kwenye simu. Na namba hiyo haisomwi kwa mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa anapiga kutoka kwenye kampuni yenyewe. Akaunti nyingi za wafanyabiashara huibiwa kwa njia hiyo ya kuombwa namba kwa sauti ya heshima, wala mwizi hahitaji kuvunja kitu.

Siku mfanyakazi anapoondoka, jina lake liondoke kwenye programu siku hiyohiyo, hata kama mmeagana kwa kukumbatiana.

---

Swali: Tuna maabara ndogo ya vipimo Area D. Tunataka majibu ya wagonjwa yahamie kwenye programu ya mtandaoni. Mwenzangu anasema sheria inakataza. Ni kweli?
*Mtaalamu wa maabara, Dodoma*

Jibu: Haikatazi, inaweka masharti, na nimefurahi kwamba mmeuliza kabla ya kuanza.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023. Chini yake ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anatakiwa kujisajili nayo. Taarifa za afya ziko kwenye kundi la taarifa nyeti, ambalo linadai uangalifu mkubwa zaidi. Na kuzipeleka taarifa nje ya nchi kuna masharti yake. Hapo ndipo linapowagusa ninyi: programu inayouzwa hapa Dodoma, na muuzaji mwenye ofisi hapahapa mjini, inaweza kuwa inakaa juu ya seva za Microsoft zilizopo Johannesburg tangu 2019, au za Amazon zilizofunguliwa Cape Town 2020, au Ulaya kabisa. Muulizeni muuzaji data zinalala nchi gani na nakala zake nchi gani. Mpelekeeni mwanasheria jibu hilo pamoja na mkataba kabla ya kusaini, nanyi mjisajili.

Lakini niseme jambo linaloniuma zaidi. Nimeona majibu ya vipimo yakipigwa picha kwa simu ya mhudumu na kutumwa WhatsApp, picha ikabaki humo mwaka mzima, simu ikauzwa. Mgonjwa aliyekuja kwenu kimyakimya hakukubali hilo. Kuhamia programu yenye majina, mipaka na kumbukumbu ya nani amefungua faili la nani ni kumlinda mgonjwa kuliko ilivyo sasa, mradi mfanye kwa utaratibu. Na siku mtakayohama, tabia ya kupiga picha ikome.

---

Swali: Huku Mpwapwa mtandao unakuja na kuondoka. Nina duka la vifaa vya ujenzi. Si bora nibaki na flashi yangu tu?
*Baba wa saruji, Mpwapwa*

Jibu: Kaka yangu, wasiwasi wako una msingi, na si wa Mpwapwa peke yake. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari inayotuletea mtandao, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu, na Tanzania tulikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Hata mjini Dodoma watu walikaa na simu zinazozunguka tu. Aliyekuwa na programu isiyoweza kuandika risiti bila mtandao aliuza kwa karatasi, na karatasi zikapotea.

Kwa hiyo kwako sharti la kwanza ni programu inayofanya kazi mtandao ukiwa haupo, inaandika kwenye kifaa chako na kupeleka yenyewe mtandao ukirudi. Zipo. Weka laini za mitandao miwili tofauti, moja kwenye simu na nyingine kwenye modemu. Mauzo ya duka hayali bando kubwa, kinachokula bando ni video za vijana wa duka.

Kuhusu flashi, usiidharau wala usiitegemee peke yake. Nikusimulie ya Maersk, kampuni ya Denmark yenye meli za makontena, huenda hata nondo zako zimewahi kupanda humo. Juni 2017 iliingiliwa na kirusi kilichoitwa NotPetya. Kilianzia Ukraine, kupitia marekebisho ya programu ya hesabu iitwayo M.E.Doc ambayo makampuni ya huko yalitumia kwa ajili ya kodi. Maersk walikuwa na seva nyingi duniani zenye orodha ya watumiaji wote na vibali vyao, na kila moja ilikuwa nakala ya mwenzake. Walijiona salama, maana ikifa moja zipo nyingine. Lakini zote ziliunganishwa, na kirusi kilizifuta zote kwa pamoja. Ikabaki moja tu, ofisini kwao Ghana. Ilinusurika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, nayo ikawa haiko mtandaoni kirusi kilipopita. Mtandao wa pale ulikuwa mwembamba mno kupeleka data zile hadi Uingereza, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya kwenda huko. Ikabidi mmoja asafiri mpaka Nigeria, amkabidhi mwenzake diski mkononi, naye ndiye aliyepanda ndege kwenda London. Orodha ile ya watumiaji na vibali ilirudishwa kutokana na diski ile, na hasara waliyoitangaza ilikuwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Nakala zilizounganishwa zinaigana kila kitu, hata uharibifu. Kijana wako akifuta faili la wadaiwa kwenye simu, linafutika na kwenye kompyuta. Mafaili yaliyofutwa Google Drive hukaa kwenye kapu siku 30, baada ya hapo yameondoka. Kwa hiyo kazi ya kila siku ifanywe na programu ya mtandaoni, na flashi iwe ile ya Ghana: imechomolewa, iko mbali, haijui kinachoendelea. Nunua mbili. Wiki hii moja inachukua nakala, wiki ijayo nyingine, ili hata ukinakili faili lililoharibika bila kujua, ya wiki iliyopita bado ni nzima. Moja ikae nyumbani, moja kwa mtu unayemwamini nje ya mji.

Kampuni nyingi hutoa muda wa majaribio bila malipo. Utumie siku ya mnada, watu wakiwa wamejaa dukani. Zima data makusudi, uza saa nzima: misumari, saruji, mabati, mteja mmoja kwa mkopo, mmoja arudishe bidhaa. Kisha washa data, subiri, fungua kwenye simu ya mkeo uhesabu kama kila mauzo yamefika, na deni la yule wa mkopo limeandikwa mara moja tu. Halafu toa kila kitu kwenye Excel, ulifungue faili kwenye kompyuta nyingine isiyo na programu hiyo. Likigoma kufunguka, usilipe.